Mchoraji Aliyehesabu Kijani

Siku hizi ua likichanua, simu hutoka mfukoni kabla jicho halijalitazama. Picha hupigwa, ikasahaulika. Ndiyo maana napenda kumtaja Ferdinand Bauer, mchoraji wa mimea aliyezaliwa mwaka 1760 Feldsberg, Austria, mji ambao leo uko Cheki na unaitwa Valtice. Baba yake, naye mchoraji, alifariki mapema. Ferdinand na kaka zake wakafundishwa kuchora mimea na mtawa tabibu, Norbert Boccius.

Mwaka 1801 Bauer alipanda meli ya Investigator ya nahodha Matthew Flinders, akaenda Australia pamoja na mtaalamu wa mimea Robert Brown. Mimea ilikuwa mingi, na ua lililochumwa halingoji mtu: jioni limesinyaa, rangi imekwenda. Kupaka rangi kila mchoro papo hapo kusingewezekana. Basi Bauer alichora kwa penseli tu, kisha juu ya petali, mshipa na kikonyo akaandika nambari. Kila nambari ilikuwa rangi moja. Zilikaribia 1,000.

Hebu tutue hapo. Sisi husema kijani, tukadhani tumemaliza. Yeye alitenga kijani cha jani changa na cha jani lililokomaa, cha upande unaopigwa na jua na cha upande wa chini wenye vinyweleo. Mwaka 1805 alirudi Uingereza na michoro zaidi ya 2,000, akaketi kupaka rangi michoro iliyochaguliwa, na jani lililokwisha kuoza miaka mingi ng'ambo ya bahari likarejea na kijani chake hasa. Jedwali la nambari zile zote halijapatikana hadi leo. Naamini sehemu yake kubwa ilikuwa machoni mwake, nayo ikazikwa naye Vienna mwaka 1826.

Dunia haikumtendea haki. Flora Graeca, kitabu kikubwa cha mimea ya Ugiriki kilichosimama juu ya michoro yake, hutajwa kwa jina la John Sibthorp aliyemwajiri. Kitabu chake cha mimea ya Australia alianza kukitoa mwaka 1813. Kwa kukosa mafundi wa kumridhisha, alichonga sahani za shaba na kupaka rangi mwenyewe. Zilitoka picha 15, wanunuzi wakawa haba, akaacha.

Kamera hunasa ua moja, saa moja, pamoja na petali iliyoliwa na mdudu. Mchoraji huweka pamoja chipukizi, ua, tunda na mbegu iliyopasuliwa, vitu visivyoonekana siku moja. Kazi hiyo huhitaji subira, na subira ndiyo tuliyoitupa.

Walimu wa biolojia, msiridhike na picha za kubandika daftarini. Wapeni wanafunzi penseli na tawi la mwarobaini, wakae nalo kipindi kizima, wachore hadi wagundue wenyewe kwamba pande mbili za kila kijijani hazilingani pale chini kwenye kikonyo.