Katiba, Desturi na Kanuni: Juu ya Kulinganisha Sheria Kuu za Mataifa kwa Kiswahili

Mtu anayetaka kulinganisha sheria kuu za mataifa mbalimbali huanza, kwa kawaida, kwa kuweka mezani maandiko ya nchi mbili au tatu, kisha akatazama vifungu vinavyofanana na vinavyotofautiana. Akisoma kwa Kiingereza au Kifaransa, anavyo vitabu vingi vya kumwongoza. Akisoma kwa Kiswahili anayo maneno, na maneno hayo humwongoza kabla hajauliza swali lolote. Jambo hili wachambuzi wengi wamelipita upesi mno, wakidhani ya kuwa kazi ya lugha imekwisha pindi tafsiri inapopatikana.

Mfano wa kwanza ni neno lenyewe katiba. Asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitabu, katibu na maktaba. Shina lao ni moja, yaani kuandika. Lakini Waarabu wenyewe hawaziiti sheria zao kuu kwa jina hilo. Misri husema dustur, na Kuwait vivyo hivyo katika sheria yake kuu ya mwaka 1962. Dustur ni neno la Kiajemi lililoingia katika Kiarabu, na lilipofika pwani ya Afrika ya Mashariki likawa desturi. Waturuki mwaka 1876, na Waajemi wenyewe mwaka 1906, walichukua jina la kanuni, wakaongeza neno la kuonyesha kuwa kanuni hiyo ndiyo ya msingi. Oman nayo ilipotoa andiko lake mwaka 1996 ililiita nizam ya msingi, na andiko la mwaka 2021 lililoshika mahali pake limebaki na jina hilohilo. Nizam ndiyo nidhamu ya Waswahili. Basi desturi, kanuni, nidhamu na katiba yote ni maneno ya Kiswahili, na matatu kati yake yamekuwa, kwa watu wengine, majina ya sheria kuu ya nchi. Kiswahili kikachagua la nne.

Uchaguzi huo si mdogo. Neno lililotokana na kuandika humfanya msomaji atazamie andiko, na pasipo na andiko aone kasoro. Uingereza haina andiko moja la namna hiyo. Inayo Magna Carta ya mwaka 1215, Sheria ya Haki ya mwaka 1689, Sheria ya Bunge ya mwaka 1911, hukumu nyingi za mahakama, na mazoea ya wabunge na mawaziri. Kiswahili huita mkusanyo huo katiba isiyoandikwa. Kwa kufuata shina la neno, huko ni kusema andiko lisiloandikwa. Na hata kwa kufuata mambo yalivyo si kweli, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkusanyo huo imeandikwa, ila haikuwekwa pamoja. Ama yale mazoea ya mawaziri na wabunge, wafasiri huyaita desturi za kikatiba. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilieleza mwaka 2017, katika shauri juu ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, ya kuwa kuyalinda si kazi ya majaji. Kwa hiyo neno lile ambalo kwa Mmisri ndiyo sheria kuu yenyewe, kwa Mswahili limekuwa jina la ile sehemu ambayo hakuna mahakama inayoilinda. Mwanafunzi anayesoma Kiarabu na Kiswahili pamoja asipoonywa atapotea hapo, na kosa halitakuwa lake.

Upotevu wa namna hii uliwapata hata mabingwa. A. V. Dicey, katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1885 juu ya sheria ya katiba, aliwasifu Waingereza kwa kuwa haki zao hazikutolewa na andiko bali zilitokana na hukumu za mahakama za kawaida, katika mashauri ya watu wa kawaida. Akaitazama Ufaransa, ambako mashauri dhidi ya serikali hupelekwa mbele ya Conseil d'État, chombo kilichoanzishwa mwaka 1799, akaona kwamba maofisa wa huko wanahukumiwa na wenzao. Wachambuzi waliomfuata walionyesha ya kuwa chombo hicho kilikuwa kimekwisha kuwa ngao madhubuti ya raia dhidi ya serikali. Dicey alilinganisha majina ya vyombo akaacha kulinganisha kazi zao. Sasa tafsiri ya Kiswahili, Baraza la Dola, inamrudia Dicey bila kujua. Baraza ni mahali pa kukaa na kushauriana, mbele ya nyumba au mbele ya mtawala. Anayesikia neno hilo hafikirii hukumu inayoweza kufuta amri ya waziri. Ni kweli kwamba neno la Kifaransa nalo lina maana ya shauri, lakini Mfaransa anazo karne mbili za hukumu za kumkumbusha maana yake, ilhali msomaji wa Kiswahili hana ila hilo neno.

Ugumu zaidi umo katika neno haki. Kiingereza kina maneno matatu mbalimbali: moja la sheria, moja la haki ya mtu, na moja la haki itolewayo mahakamani. Kijerumani na Kifaransa huunganisha mawili ya kwanza, kwa maana Recht na droit ni sheria na pia ni haki ya mtu. Kiswahili hufanya kinyume: sheria husimama peke yake, na haki hubeba yote mawili yaliyobaki. Mtu hudai haki yake, na hakimu hutenda haki. Tena kuna haki ya jirani na haki ya wazazi, ambazo katika matumizi ya watu wa pwani, yaliyolelewa na fikihi ya Kiislamu, hutajwa zaidi na mwenye kuwiwa kuliko na mwenye kudai. Kwa hiyo sehemu ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 iliyoongezwa mwaka 1984, yenye kutaja haki pamoja na wajibu, haisikiki kwa Kiswahili kama mchanganyiko wa vitu viwili vigeni. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete lililohusu dhamana ya mshtakiwa, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba katiba hiyo humtazama mtu na jamii kwa pamoja, ikaitaja Hati ya Afrika ya mwaka 1981 kuwa shahidi. Yapo maoni kwamba wajibu uliwekwa ili kuibana haki, na maoni hayo yana uzito, maana vifungu vya mipaka katika sehemu hiyo ni vipana. Lakini mwenye kuyatoa kwa kusoma tafsiri ya Kiingereza tu amekwisha kulitenga neno ambalo wenyewe hawakulitenga.

Hapa pana jambo ambalo ulinganisho wa Tanzania na Kenya hulisahau mara nyingi. Katiba ya Tanzania ilitungwa kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ingawa kifungu chake cha 7 hufanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, husema katika kifungu cha 259 kwamba maneno ya lugha mbalimbali yakipingana, ya Kiingereza ndiyo yatakayoshika. Anayeziweka katiba hizo mbili bega kwa bega kwa Kiswahili, akapima neno kwa neno, analinganisha sheria na kivuli cha sheria.

Fundisho liitwalo muundo msingi linaonyesha matatizo haya yote mahali pamoja. Ujerumani ya Magharibi, mwaka 1949, iliandika katika kifungu cha 79 mambo ambayo hayawezi kubadilishwa kamwe. Mwanachuo wa Kijerumani, Dietrich Conrad, alilizungumza wazo la mipaka hiyo nchini India mwaka 1965, na mwaka 1973 Mahakama Kuu Kabisa ya India, majaji 7 dhidi ya 6, ilikata kwamba Bunge haliwezi kuharibu muundo wa msingi wa katiba, ijapokuwa katiba yenyewe haikusema hivyo popote. Kongo, katika katiba ya mwaka 2006 inayofuata mapokeo ya Kifaransa na Kibelgiji, ilirudi kwenye njia ya kuandika: kifungu cha 220 kinataja yasiyoguswa, miongoni mwayo idadi ya vipindi vya Rais. Nchini Kenya mahakama mbili za chini zililikubali fundisho la India mwaka 2021, na Mahakama ya Juu ikalikataa tarehe 31 Machi 2022, ikisema kwamba katiba imekwisha kuweka ngazi zake za marekebisho, pamoja na kura ya maoni. Waliosema kwamba Kenya ilikataa walichokikubali Wajerumani walikosea: Wajerumani waliandika kifungu, majaji wa India waligundua kanuni, na kilichokataliwa Nairobi ni hicho cha pili. Jina moja la Kiswahili limefunika yote mawili.

Tanzania ilitunga sheria mwaka 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ikaacha nafasi ya Kiingereza pale haki itakapokihitaji. Miaka kumi na mmoja kabla yake, katika shauri la mgombea binafsi, Mahakama ya Rufani ilikata, kwa Kiingereza, kwamba mahakama haiwezi kutangaza kifungu cha katiba kuwa kinyume cha katiba, isipokuwa pale utaratibu wa kukipitisha haukufuatwa. Hukumu ya namna hiyo ikiandikwa kwa Kiswahili, mwandishi wake atalazimika kusema waziwazi kama msingi anaoukubali au kuukataa ni ule ulioandikwa, kama ulivyo Kongo, au ule ulioonwa na majaji, kama ulivyo India. Na kama anapotamka neno katiba anakusudia andiko lililo mbele yake, au lile jambo ambalo watu wa mataifa mengine wameliita desturi, kanuni na nidhamu.