Wapimaji wa Moto

Maji ya Kwihara hayasubiri kufika nyuzi 100 ndipo yachemke. Tabora na vijiji vyake viko juu ya uwanda wa kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi, maji hutangulia kuchemka kwa nyuzi moja. Mama anayeinjika maharage Kwihara hana haja na hesabu hiyo. Anachojua ni kwamba maharage yake huchelewa kuiva kuliko ya wifi yake aliyeolewa Tanga. Mhandisi wa nishati anaihitaji sana. Kabla hajawasha hata kijiti cha kiberiti kwa ajili ya jaribio, atachemsha maji, atatumbukiza kipimajoto, atangoja namba itulie, kisha ataiandika daftarini: 96. Kazi yake yote ya siku hiyo itaegemea hapo.

Wengi wanaijua Kwihara kwa sababu nyingine. Kilomita chache kutoka mjini Tabora lipo tembe ambamo Stanley na Livingstone walifikia Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley alishika njia ya pwani mwezi uliofuata, mzee akabaki akingoja wapagazi mpaka Agosti. Leo tembe hilo ni makumbusho, na habari inayosimuliwa pale ni ya watu wawili waliokutana. Sina ugomvi nayo, ila imesimuliwa mno. Mimi huvutiwa na kazi moja ya misafara ile ambayo haina picha ukutani: kuchemsha maji ili kujua kimo cha nchi.

Wapelelezi Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yenyewe, Novemba 1857. Walikuwa na vipimajoto vya kuchemshia maji, na njiani vyombo vyao vingi viliharibika. Walipofika Ziwa Tanganyika wakachemsha, wakasoma, wakapiga hesabu, wakapata kimo cha kama futi 1,800. Ziwa hilo liko mita 773 juu ya bahari, yaani zaidi ya futi 2,500. Ukiirudisha tofauti hiyo kwenye kipimajoto, unakuta imetokana na kosa lisilofika hata nyuzi moja. Robo tatu yake hivi. Miezi kadhaa baadaye Speke alitoka Kazeh akapanda kaskazini hadi ziwa aliloliita Victoria, na huko kipimo chake kilikaribia sana ukweli. Mtu yule yule, maji ya kuchemsha yale yale, na tofauti ya kuona haya. Ndiyo maana wahandisi hupoteza asubuhi nzima wakihakiki kipimajoto ambacho mtu mwingine angekiamini tu kwa sababu ni kipya.

Ufundi ninaotaka kuusifu ndio huu wa kuupima moto. Hapa Tanzania una watu wake, ingawa majina yao hayatajwi sana redioni. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na tangu mwanzo mwanafunzi wa uhandisi mitambo alipelekwa viwandani wakati wa likizo kufanya mafunzo kwa vitendo, ashike spana kabla hajashika shahada. Kutoka humo wakatoka walimu ambao badala ya kukimbilia injini na turbaini waliinama kwenye mafiga. Mwaka 1996 K. M. Siddiqui na Hassan Rajabu walichapisha katika jarida la kimataifa la Energy makala kuhusu ufanisi wa nishati katika ukaushaji wa tumbaku Tanzania, na madhara ya jinsi unavyofanywa. Rajabu, mhandisi mitambo wa chuo hicho, ni mtu wa kuni, mkaa na majiko. Nishati ya tungamotaka, kama inavyoitwa kwenye sera. Ukizungumzia kukausha tumbaku Tanzania, kwa kiasi kikubwa umezungumzia Tabora: Urambo, Kaliua, Sikonge, Uyui.

Tusimame kidogo mbele ya bani la kukaushia tumbaku. Ni chumba kirefu cha matofali ya udongo, hakina dirisha la kutazamia. Ndani, majani mabichi yamefungwa kwenye vijiti, vijiti vimepangwa juu ya fito, tabaka juu ya tabaka mpaka karibu na paa. Tanuri limejengwa chini, mdomo wake uko nje. Moto unawaka humo, hewa ya moto na moshi vinapita ndani ya mabomba ya bati yaliyolazwa karibu na sakafu, kisha vinatokea kwenye dohani upande mwingine. Moshi hautakiwi kugusa jani. Hii ni tumbaku ya mvuke, tofauti na ile ya moshi ya Ruvuma.

Mkulima huanza na joto la chini, nyuzi 35 hivi mpaka 40, jani ligeuke njano lingali na uhai. Akiharakisha hapo, rangi ya kijani inakwama na bei inashuka. Jani likishakuwa njano anapandisha moto taratibu mpaka kwenye hamsini na kitu ili ngozi ya jani ikauke, halafu anaelekea 70 kwa ajili ya uti wa kati, ambao ndio mbishi kuliko vyote. Kazi hiyo inakaribia wiki nzima, na usiku mtu analala mlangoni mwa tanuri. Uti ukivunjika kwa mlio unapokunjwa, umekauka. Ukipinda kama mpira, rudisha kuni. Mkulima anayajua haya kwa vidole na pua, na mhandisi mwenye akili huanza kwa kumsikiliza yeye.

Kisha anatoa mizani. Jani bichi la tumbaku ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Tuseme asilimia 85. Ili upate kilo moja ya tumbaku kavu, basi, lazima ufukuze maji karibu kilo sita. Kuigeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunadai megajuli 2.3 hivi. Zidisha, ongeza kidogo kwa ajili ya kulipasha jani lenyewe, unapata kama megajuli 14 au 15. Na kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri juani hutoa kama 16. Kwenye karatasi, kilo ya kuni ingetosha kwa kilo ya tumbaku. Mabani ya zamani hula mara kadhaa ya hapo, na pengo hilo ndilo linalohesabiwa kwa miti: mitundu na miyombo ya msitu ule ule unaowapa Wanyamwezi asali na magome ya mizinga.

Hapa ndipo mwalimu wa uhandisi anaponifurahisha. Hamkemei mkulima kwa kukata miti, wala hatoi hotuba ya mazingira. Anamwambia mwanafunzi achore mstari kulizunguka bani lote, kisha aandike kila kinachouvuka: kuni zinazoingia, maji yaliyomo ndani ya kuni, mvuke unaotokea darini, moshi wa dohani, joto linalopenya ukutani na kwenye nyufa za mlango. Kama mwenye duka anayefunga hesabu jioni, jumla ya pande mbili lazima ilingane. Isipolingana, joto halikupotea, sheria ya asili hairuhusu. Ni wewe hujalitafuta. Nenda ukaguse ukuta wa nyuma.

Na utafutaji una mitego yake. Kuni mbichi, kwa mfano. Mti uliokatwa jana unaweza kuwa nusu yake maji, na moto hulazimika kuyachemsha maji hayo kwanza kabla haujakufanyia kazi yako. Mkulima anayerundika kuni chini ya banda msimu mmoja kabla ameshaokoa kuni nyingi bila kununua bati hata moja. Au chukua dohani. Ukishika bomba la nje likakuunguza, unajua joto linakimbia, na mawazo ya kwanza ni kurefusha mabomba ndani ili moshi uache joto lote humo. Jaribu. Moshi ukipoa mno unakuwa mzito, haupandi tena. Tanuri linakosa pumzi, moto unafifia, unyevu wa moshi unageuka maji meusi yenye lami na kuanza kuyala mabomba. Kwa hiyo lazima uache joto kiasi litoke, lipotee makusudi, ili lililobaki liendelee kuja. Kupata kiasi hicho, pamoja na urefu wa dohani unaoendana nacho, huchukua misimu, kwa sababu bani hujaribiwa tumbaku inapokuwepo tu. Ukikosea mwezi wa pili, unasubiri mwaka.

Jaribio la jiko lina adabu zaidi, lakini linachosha vilevile. Pima fungu la kuni, pima na unyevu wake. Mimina lita tano za maji kwenye sufuria, usifunike. Kipimajoto kikae katikati, sentimita tano juu ya kitako, kisiguse bati. Washa, andika saa. Maji yakifika kiwango cha kuchemka cha pale ulipo, na hapa ndipo ile 96 ya Kwihara inapodai haki yake, zima moto haraka, kung'uta makaa kutoka kwenye vijiti, pima kuni zilizobaki, pima makaa, pima maji. Rudia papo hapo jiko likiwa bado la moto. Kisha weka maji yatokote kidogo, nyuzi tatu chini ya kuchemka, kwa dakika 45. Kwa Kwihara ni 93. Halafu anza upya yote, walau mara tatu. Mwanafunzi aliyezoea Dar es Salaam akisahau na kungoja 100, atangoja mpaka sufuria ikauke.

Fanya hesabu na hapa. Kuzitoa lita tano kutoka nyuzi 25 hadi 96 kunahitaji megajuli moja na nusu tu. Ni gramu 90 na kitu za kuni kavu, vijiti vinavyoenea kwenye kiganja. Mafiga matatu uani, yenye ufanisi wa kama asilimia 15, yatataka zaidi ya nusu kilo kwa kazi hiyo hiyo. Jiko lililojengwa kwa makini linapunguza gramu mia mbili, tatu kati ya hizo, na mwenye haraka atasema ni kidogo. Azidishe kwa milo miwili na nyumba zote za wilaya.

Jua nalo lina wapimaji wake. Profesa Cuthbert Kimambo, wa uhandisi mitambo chuoni hapo hapo, alichapisha mwaka 2007 utafiti wa kutengeneza na kupima majiko ya jua. Nchi yetu hupokea kati ya kilowati-saa 4 na 7 za jua kwa kila mita mraba kwa siku, na atakayesimama Kwihara mwezi wa Agosti saa saba mchana hahitaji ushahidi mwingine. Ila jua haliwaki saa moja usiku, wakati ugali unaposongwa, na jiko la kioo linataka mtu wa kuligeuza kila mara. Nadhani kwa mkoa huu nafasi yake kubwa iko kwenye kukausha na kuyeyusha, kama nta ya nyuki, kuliko kupika.

Tembe lenyewe la Kwihara lina mengi ya kumfundisha mwanafunzi wa joto. Kuta nene za udongo hulipokea jua taratibu, na joto hilo linapofika ndani jioni imeshaingia na hewa ya nje imepoa. Aliyelijenga hakuwa na kipimajoto. Ni somo la wiki mbili katika kozi ya upitishaji joto, na ningependa kuona darasa likiletwa pale na vipimo vyake, ubao wa historia ubaki kwa watalii.

Sasa serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Gesi na umeme vitafika Tabora kwa kasi kuliko zamani, na baadhi ya daftari za kuni zitafungwa. Kazi ya kupima haitaisha. Jiko la umeme nalo lina joto linalovujia pembeni, na mtungi wa gesi unapimika kwenye mizani ile ile.

Kuna jaribio moja ambalo halitolewi hati na maabara yoyote. Baada ya maji, wahandisi huja kwenye chakula chenyewe: kiasi kile kile cha unga, sufuria ile ile, mpishi yule yule, jiko moja baada ya jingine. Mizani inapima kuni, saa inapima muda. Lakini hakuna chombo kinachosoma lini ugali umeiva. Swali hilo huulizwa mama mwenye mwiko, naye huubonyeza, hunusa, na mara nyingi hujibu, "Bado," huku mhandisi akiwa ameshika kalamu juu ya daftari, na kuni zikiendelea kuhesabiwa.