Kijiko cha Mlima

Kwenye uwanja wa makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kuna marundo mawili. La kwanza lina mlinzi na limefunikwa turubai, maana hayo ni mawe yanayosubiri kusagwa. La pili halina mlinzi wala turubai. Watoto hulipanda, mbuzi hulala juu yake, na mvua ikiharibu njia watu huja kulichota wafukie mashimo. Ni mawe meusi yenye ukijani, mazito mkononi, yasiyong'aa popote. Siku moja nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akiponda mawe pale kwa nyundo: "Mama, na haya je?" Hakuinua hata kichwa. "Hayo magwangala tu, mwanangu. Hayana kitu."

Ninaishi Nyasubi, hapa Kahama, mji uliokua kwa mpunga na kwa dhahabu. Upande mmoja kuna Buzwagi, mgodi uliofunga uzalishaji mwaka 2021. Upande mwingine kuna barabara ya Kakola kuelekea Bulyanhulu, na mbele zaidi ni Geita. Huku kila mtu ana habari ya dhahabu: nani kapata mbale (jiwe lenye dhahabu), duara (shimo) lipi limetema, bei ya gramu imeamkaje. Swali ni moja daima, ipo au haipo. Mwanajiokemia, msomi wa kemia ya miamba, huuliza mengine. Imefikaje hapa? Imetoka wapi? Lini? Na ili ajibiwe, huanzia kwenye lile rundo la pili.

Ndivyo walivyofanya Shukrani Manya na Makenya Maboko wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2003, katika jarida la Precambrian Research, walitoa umri wa basalti, yaani mawe meusi ya lava, za mkanda wa mawe ya kijani wa Sukumaland, mkanda huu huu uliobeba Geita na Bulyanhulu. Walisema: miaka milioni 2,823, kwa kuongeza au kupunguza milioni 44. Tarakimu hizo zimekaa nami muda mrefu. Ile ya kwanza inashangaza kila anayeisikia. Mimi ninayoistahi zaidi ni ya pili, ile 44, na nitasema kwa nini.

Kazi inaanza kwa kuchagua jiwe, na hapo ndipo wengi hukosea. Halitakiwi jiwe lililo karibu na mshipa wa dhahabu, wala lililooza kwa jua na mvua, wala lenye ufa ambao maji yamepita. Linatafutwa jiwe zima, lisilobadilishwa na kitu chochote kilichokuja baada yake. Nyundo hupigwa, ganda la nje hutupwa, kiini ndicho kinachoingia mfukoni. Kikifika maabara husagwa hadi kiwe laini kama poda ya mtoto, na kutoka kwenye unga huo hupimwa kiasi kidogo kuliko chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Unga huyeyushwa kwa asidi haidrofloriki, asidi inayokula hata kioo, ndiyo sababu hufungiwa ndani ya vikopo vya tefloni. Humo hukaa siku kadhaa. Kisha maji yake hupitishwa tone kwa tone kwenye mirija iliyojazwa chembechembe za plastiki maalumu, na kila elementi hutoka kwa zamu yake. Anayesimamia hapaswi kuharakisha, na hapaswi kuacha hata vumbi la chumbani liingie.

Wanachokitafuta ni elementi mbili, samariamu na neodimiamu. Samariamu ya uzito wa 147 hugeuka polepole kuwa neodimiamu ya uzito wa 143, polepole kiasi kwamba nusu yake huhitaji miaka bilioni 106 kugeuka. Tangu basalti za Sukumaland zimwagike, haijageuka hata sehemu 2 kwa 100. Mashine ya kupima uzito wa atomi inatafuta tofauti ndogo kama hiyo, na inaipata.

Lakini jiwe moja halitoi umri. Jiwe moja hutoa nukta moja kwenye karatasi. La pili hutoa nukta ya pili, la tatu ya tatu, na ikiwa mawe yote yalizaliwa pamoja na hayakuguswa, nukta hujipanga kwenye mstari. Mwinuko wa mstari huo ndio umri. Zisipojipanga, hakuna umri, hata kama umetembea porini mwezi mzima na kuombea fedha mwaka mzima. Nalipenda hilo katika fani hii: jiwe linaweza kukukatalia, na ukikataliwa huna wa kumlalamikia. Hata nukta zikikubali, hazikai juu ya mstari kama shanga kwenye uzi. Moja hupanda kidogo, nyingine hushuka. Ile 44 ni kipimo cha kupanda na kushuka huko. Mtafiti anaiandika mwenyewe, kwa mkono wake, pembeni ya jibu lake: hapa ndipo ninapojua, na huu ndio upana wa kutojua kwangu.

Manya hakuishia hapo. Mwaka 2006, pamoja na Maboko na wenzao wa Chuo Kikuu cha Okayama, Katsura Kobayashi na Eizo Nakamura, walitoa umri wa mawe ya mkanda wa Musoma–Mara kwa kutumia zirkoni. Zirkoni ni punje ndogo ngumu isiyoyeyuka kirahisi. Inapoota ndani ya mwamba wa moto huipokea uraniamu na kuikataa risasi. Kwa hiyo risasi yoyote utakayoikuta humo baadaye imezaliwa mle mle ndani, mtoto wa uraniamu. Maabara ya Okayama inayofanya kazi za namna hii iko Misasa, mji mdogo wa chemchemi za maji moto huko Japani. Kwa hiyo mawe ya Kanda ya Ziwa husafirishwa mbali kiasi hicho, kisha mwale mwembamba unaelekezwa kwenye sehemu ya punje ambayo jicho halioni.

Baadaye Manya alikuwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Madini, kisha Naibu Waziri wa Madini kuanzia Desemba 2020. Maboko naye alipanda hadi Naibu Makamu Mkuu wa Chuo. Vyeo hivyo magazeti yaliviandika vya kutosha. Mimi narudi kwenye mawe.

Mawe yale ya Sukumaland yalikuwepo kwanza. Dhahabu ilikuja baadaye, kama mgeni. Chini kabisa, miamba ilipokandamizwa na kupashwa moto, ilitoa maji ya moto wa nyuzijoto mia tatu hivi, yenye salfa. Dhahabu, inayojulikana kwa kukataa kuchanganyika na chochote, ilikubali kuishika salfa na kusafiri nayo kupitia nyufa. Geita kuna miamba ya chuma yenye mistari, iliyotuama baharini zamani hizo, kwani Usukuma imewahi kuwa bahari. Maji yale yalipoikuta miamba hiyo, salfa ilimwona chuma, ikamwacha mwenziwe na kuungana naye kuwa pairiti, ile inayong'aa njano na kuwadanganya wageni. Dhahabu ikabaki haina wa kuibeba. Ikatua hapo hapo. Ndiyo maana Geita unaikuta pale ambapo chuma cha sumaku kimeliwa na pairiti, na mtaalamu mwenye lenzi ya mkononi anaweza kukuonyesha mpaka wenyewe: huku jiwe bado linashika sumaku, vidole viwili pembeni halishiki tena.

Kujua ilivyofika ni jambo moja, kujua ni kiasi gani ni jambo jingine, na hapo ndipo Kahama ilipopata somo lake. Mwaka 2017 neno makinikia, yaani mchanga wa madini uliochujwa mgodini lakini haujayeyushwa, liliingia kila nyumba. Kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia, ilipima makontena yaliyozuiwa bandarini Dar es Salaam na kusema kuna wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani. Kampuni ya uchimbaji iliyomiliki makinikia hayo ilikana, ikasema hesabu hiyo ni kubwa mno. Hapa Nyasubi tulibishana hadi usiku, kila mtu na upande wake, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza sampuli zilichotwaje. Swali hilo ndilo la kwanza kwa mwanajiokemia.

Chukua mfano wa jiwe la kawaida, lenye gramu 4 kwa tani. Maabara hupima gramu 50 za unga wake, kijiko au viwili. Ndani yake, dhahabu yote ni miligramu 0.2. Sasa punje moja ya dhahabu yenye upana wa milimita 0.2, ndogo kuliko punje ya chumvi, ina uzito wa karibu miligramu 0.08. Ikiingia kwenye kijiko chako, jibu linapanda kwa gramu 1.6 kwa tani. Ikibaki mfukoni, linashuka. Mlima mzima umesimama juu ya punje ambayo ungeipuliza kwa pumzi. Ndiyo maana jiwe husagwa hadi kufikia unene wa unywele, unga ukamwagwa, ukachanganywa, ukagawanywa kati, nusu ikachanganywa tena na kugawanywa tena, kwa subira ya mtu anayegawa urithi.

Kisha moto. Unga huchanganywa na oksidi ya risasi, magadi, boraksi, na ngano kidogo, unga ule ule wa chapati. Ngano ikiungua huinyang'anya risasi oksijeni yake. Risasi huwa matone, matone hunyesha ndani ya chungu, na yakishuka huikusanya dhahabu yote. Kilichomo kikimiminwa kwenye kalibu na kupoa, hugongwa kwa nyundo: takataka hupasuka kama chupa, na kitufe cha risasi hubaki mkononi. Kitufe huwekwa kwenye kikombe cha majivu ya mifupa na kurudishwa tanuruni. Kikombe huinywa risasi taratibu. Mwisho wake, chini kabisa, hubaki punje ya kushikwa kwa kibanio. Mbinu hii ina maelfu ya miaka, na maabara za kisasa bado huitumia, kwa sababu hakuna aliyeleta iliyo ya haki kuliko hiyo.

Katikati ya mifuko inayotumwa maabara, mtaalamu huweka mmoja wa mchanga usio na dhahabu kabisa. Huupa namba kama mingine, wala hamwambii mtu. Majibu yakirudi na mchanga ule umeonyesha dhahabu, shehena yote inarudiwa. Anajitegea mtego mwenyewe, kila mara, maisha yake yote ya kazi.

Siku ile kwenye uwanja wa makarasha niliokota kipande kimoja kutoka rundo la pili. Mama akaniuliza nakwenda kukifanyia nini. Nikamwambia kuna watu, tena wa hapa hapa nchini, hulipima jiwe kama hili umri. Ndipo alipoweka nyundo chini na kuinua kichwa.

"Lina miaka mingapi?"

Nikamtajia ya mawe ya Sukumaland, na ile 44 sikuiacha.