Pongezi kwa Wahadhiri Wanaofundisha

Mwalimu wa Mugoma, wilayani Ngara, anayetaka shahada bila kuacha darasa lake anaweza kusoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza masomo mwaka 1994. Kituo cha mkoa wa Kagera kiko Bukoba, safari ndefu ya kupitia Benako, Lusahunga, Biharamulo na Muleba. Kwa hiyo mwalimu huyo anamjua mhadhiri zaidi kwa usahihishaji wake: sentensi imepigiwa mstari, pembeni pameandikwa, “Umeeleza kilichotokea; sasa eleza kwa nini.” Maelezo hayo yanataka muda na moyo.

Nawapongeza wanaoutoa muda huo, maana hakuna jarida litakalochapisha maelezo hayo, na katika vyuo vyetu kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kunategemea sana machapisho. Utafiti tunauhitaji, tena sana. Mnyauko wa migomba, kwa mfano, umetutesa Kagera. Lakini kamati za kupandisha vyeo ziisome na kazi hiyo iliyosahihishwa, kwa uzito uleule zinaoipa makala ya jarida.