Muhuri Kabla ya Picha: Kuihukumu Stempu ya Kasulu na Kibondo

Mtu akinijia na albamu yake ya stempu akaniuliza ina thamani gani, sianzi kwa kutazama picha, hata ziwe za kupendeza namna gani, bali huutafuta muhuri wa posta. Na nikiuona wa Kasulu au wa Kibondo umekaa mzima, duara lake halikukatika, jina la mji na tarehe vyasomeka pasipo kukisia, basi huvuta kiti nikakaa, kwani nimekutana na kitu adimu.

Uadimu huo una sababu yake. Nchi ya Waha, ambamo Kasulu na Kibondo zimo, ilitoa vijana wengi kwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wale walioitwa manamba, nao waliandika nyumbani, au waliandikiwa na wenzao waliojua kalamu. Barua zilisafiri kwa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha zikapandishwa milimani kwa njia za vumbi. Walakini zilipofika hapakuwa na aliyeziweka kwa nia ya kuzihifadhi, bali zilisomwa, zikakunjwa, zikaliwa na mchwa au zikawashiwa moto. Kwa hiyo bahasha ya miaka ya 1950, zama ambazo Mwami Theresa Ntare alikuwa akitawala utemi wa Heru huko Kasulu, yenye muhuri wa Korogwe ya Tanga mbele na wa Kasulu wa kupokelea nyuma, ni ya kutunzwa kwa taadhima, ingawa stempu yake ya Kenya, Uganda na Tanganyika yapatikana kwa wingi.

Nayasema haya kwa uchungu. Nilipokuwa mtoto niliipata bahasha yenye stempu ya kipepeo, katika zile za mwaka 1973, iliyopigwa muhuri Kibondo. Nami, kwa kudhani kwamba mali ni kipepeo, niliiloweka katika bakuli la maji nikaibandua. Herufi KIBO zilitoka pamoja na stempu, ilhali NDO na tarehe yote zilibaki katika karatasi iliyolowa, ambayo niliitupa. Tangu siku ile sikubandua tena. Bahasha iachwe nzima, na aliyekwisha kuikata aache pembeni karatasi ya kutosha kubeba duara lote la muhuri.

Amma tarehe, hiyo ndiyo ithibati ya kila kitu, na asiyeijua historia ya jimbo la Kigoma atauziwa ghushi mchana kweupe. Wajerumani walipoondolewa Kigoma mwaka 1916, walioingia walikuwa Wabelgiji kutoka Kongo, wakatumia stempu za Kongo zilizopigwa chapa juu, kwa Kifaransa na Kiholanzi, kutangaza kwamba nchi imo mikononi mwao. Waingereza nao, katika sehemu walizozishika wao, walitumia stempu zao zenye herufi G.E.A., yaani German East Africa, lakini Kigoma na nyanda zake hawakukabidhiwa ila Machi 1921. Na mwaka 1922 ndipo zilipotoka zile za Tanganyika zenye kichwa cha twiga. Basi ukiletewa G.E.A. yenye muhuri wa Kigoma wa mwaka 1918, una haki ya kuitilia shaka kabla hata ya kuuliza bei.

Chapa ya juu yenyewe ihakiki kwa kioo cha kukuzia, kwenye mwanga wa jua la asubuhi. Tazama mahali ambapo wino wa muhuri umekutana na wino wa chapa: katika stempu sahihi muhuri umepita juu, kwa kuwa ulikuja baadaye; na ukiona chapa ndiyo iliyolala juu ya muhuri, ujue mtu aliiongeza katika stempu iliyokwisha kutumika. Kipimo hicho kitakufaa pia kwa zile za Zanzibar zilizogongwa JAMHURI 1964 baada ya Mapinduzi, maana za kwanza ziligongwa kwa mkono, kwa muhuri wa mpira, na kitu kama hicho ni chepesi mno kuigizwa.

Meno yaliyong'oka, rangi iliyopauka na mkunjo hupunguza thamani, lakini katika muhuri adimu mimi huvisamehe. Nisichokisamehe ni zile stempu nyingi za miaka ya 1990 zenye picha za dainosari na waigizaji wa Marekani, ambazo ziligongwa muhuri huko huko zilikochapishwa, gundi yake ikiwa bado nyuma, pasipo kubeba barua yoyote. Mpe mtoto azibadilishane na wenzake kama kadi za wachezaji wa mpira.

Mvua za kwetu huanza Oktoba au Novemba zikaendelea hadi Mei, na katika miezi hiyo ukungu ndio adui. Usitumie selotepu, wala mifuko ya plastiki laini yenye harufu, kwani hutoa mafuta; weka bahasha moja moja katika karatasi safi isiyo na tindikali, zisimame wima katika sanduku la bati lililoinuliwa juu ya sakafu, na kiangazi zifungulie zipate hewa kivulini. Zishike kwa kibano.

Zangu nimezipanga kwa mji, kisha kwa tarehe, wala sikuzipanga kwa picha. Ukurasa wa Kibondo unaanza na kipepeo yule, pamoja na herufi zake nne.