Uchimbaji au Uchimbuzi?

Miongoni mwa istilahi zinazohitaji kuangaliwa upya ni zile za uchunguzi wa mambo ya kale, yaani kazi wanayoifanya wanaakiolojia juu ya ardhi kabla mgodi haujafunguliwa. Taarifa za kazi hiyo mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, kisha muhtasari wake hutafsiriwa ili usomwe mbele ya wanakijiji. Tafsiri hiyo si pambo. Kwa maneno hayo mzee ataamua kuonyesha, au kuficha, mahali walipotambikia wakubwa wake.

Tuanze na neno uchimbaji. Mwenye mgodi ni mchimbaji. Mwanaakiolojia anayeondoa udongo tabaka kwa tabaka kwa mwiko na brashi naye huitwa mchimbaji. Sentensi kama “uchimbaji utatangulia uchimbaji”, ijapokuwa sarufi yake haina kasoro, haimwambii msikilizaji lolote. Wako wanaopendelea ufukuaji. Shina lake ni zuri, kwani hufukuliwa kilichofukiwa. Lakini masikioni mwa wengi kufukua huandamana na kaburi, na kaburi ndilo hasa watu wanalolihofia. Sisi twapendekeza uchimbuzi. Kuchimbua ni kukitoa nje kilichokuwa ndani, na katika ukoo huohuo limo neno chimbuko, ambalo ndilo mwanaakiolojia analolitafuta. Uchimbaji na uachiwe madini.

Neno la pili ni upimaji. Wanakijiji wanawajua wapimaji: huja na chombo cha miguu mitatu, wakasimika mawe ya mipaka, na aghalabu baada yao mashamba hubadili wenyewe. Mwanaakiolojia hafanyi hivyo. Yeye na wenzake hujipanga mstari mmoja, wakatembea polepole macho chini, wakitazama vigae, mawe yaliyochongwa na mavi ya chuma. (Hili la mwisho taarifa huliona haya, zikaandika “masalia ya uyeyushaji”. Mhunzi hana haya nalo.) Utafutaji nao umekwisha kuchukuliwa na leseni za madini. Limebaki neno uchunguzi, nasi twaliongezea kivumishi: uchunguzi tangulizi.

Kivumishi hicho tunakishikilia kwa sababu. Huko Australia Magharibi, mwaka 2013 kampuni ya Rio Tinto ilipewa idhini ya kisheria kuhusu mapango mawili ya Juukan Gorge, katika nchi ya jadi ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura. Uchimbuzi mkubwa ulifanyika mwaka 2014, idhini ikiwa imekwisha kutolewa. Ulionyesha kwamba binadamu walilitumia pango mojawapo tangu miaka 46,000 hivi iliyopita, ukatoa maelfu ya vitu, pamoja na kipande cha msuko wa nywele chenye umri wa miaka 4,000 hivi. Idhini haikutenguliwa. Mei 2020 mapango yakaharibiwa kwa baruti ili yapatikane madini ya chuma. Uchunguzi ulikuwapo, na ulikuwa mzuri. Ila haukutangulia kitu.

Kazi ya namna ile ya 2014 wataalamu huiita uokoaji, na hapa ndipo tunapotofautiana nao zaidi. Aliyeokolewa majini yu hai. Mtu akiambiwa kwamba pango litafanyiwa uokoaji, atarudi nyumbani akiamini kwamba pango litabaki. Kumbe huokolewa vitu, na mahali hupotea. Twaona ni heri kusema wazi: uhamishaji wa vitu vya kale. Neno hilo ni refu na halina mvuto, lakini halimpi msikilizaji tumaini lisilokuwapo.

Neno kale lenyewe lina mtego. Katika Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, kale hupimwa kwa mwaka: kitu cha kuchukulika sharti kiwe kimetengenezwa kabla ya 1863. Katika mazungumzo ya kawaida kale haina mwaka. Jembe lililofuliwa mwaka 1900 ni la kale kwa mjukuu wa mhunzi, na si la kale kwa kipimo hicho. Tafsiri inayoandika “vitu vya kale vitalindwa” bila kuutaja mwaka imeahidi kuliko ilivyoahidi sheria. Mwaka na uandikwe, na usomwe kwa sauti.

Kuna jambo dogo lililosalia. Tumeona “tanuri la kuyeyushia madini” likitumika kila mahali, ilhali Wafipa wanalo jina la tanuri lao refu, ilungu, wingi wake malungu. Twawaomba wasomaji wa Ufipa, na wa kila mahali palipofuliwa chuma, watuletee majina ya sehemu zake, hasa ile mirija ya udongo iingizayo hewa, kabla kamati ya istilahi haijabuni ya kwake.