Chukudu, tuiangalie kwa nyuma

Wandugu, karibu kila mwezi mutu anaweka picha ya chukudu hapa ao mahali pengine, na maneno yanakuwa tu yale-yale: «ubunifu wetu», «mateso ya raia», «fahari ya Goma». Na picha karibu zote zinachukuliwa kwa upande. Hiyo njo shida yangu. Kwa upande, kila chukudu ni nzuri: mubao mukubwa wenye kuinama, gidoni kama pembe za ng'ombe, magurudumu mawili ya muti yenye kuvalishwa mupira wa zamani. Lakini kosa la kadre halionekane kwa upande. Linaonekana wakati unachutama nyuma na kufunga jicho moja: gurudumu la mbele linajificha nyuma ya lingine, ao linachungulia pembeni?

Hata ile sanamu ya dhahabu ya Rond-point Tshukudu, yenye Rais Kabila alizindua mu 2009, inatuzoeza vibaya. Ninaipenda, niseme wazi. Ni miji michache yenye inaweka kifaa cha kazi mahali penye wengine wanaweka jenerali. Ila inang'aa sana, tunaisifu na kupita, na hakuna mwenye kuuliza kama chukudu za kweli, zile za barabarani, zimetengenezwa sawasawa.

Na swali hilo liko na uzito wake. Chukudu yenye kushuka kutoka Kibumba na mifuko ya viazi na makabichi inaweza kubeba mamia ya kilo. Kama magurudumu hayako mu mustari moja, inavuta upande moja njia yote, na chenye kuirudisha ni bega la mutu. Mafundi wetu wako na jicho kali, panga yao inashangaza. Lakini wengi wanatumia mikaratusi mibichi. Sisi wa agronomi tunajua: muti ule unakua na nguvu zenye kufungwa ndani, ukipasuliwa ukiwa mubichi, unajipinda na kupasuka wakati unakauka. Kwa hiyo kadre yenye ilitoka sawa kwa fundi inaweza kupinda kisha majuma machache. Mukono wa fundi hauna kosa. Kosa ni la haraka. (Na la muteja pia, mwenye anaitaka kesho asubui.)

Angalia watu wenye kujenga kadre za baiskeli za chuma kwa mukono. Wanajua kama moto wa kuunganisha unavuta bomba, kwa hiyo hawaamini jicho. Wanafunga kamba mahali ekseli ya nyuma inakaa, upande wa kushoto, wanaizungusha mbele kwenye bomba la gidoni, wanairudisha nyuma upande wa kuume. Kisha wanapima nafasi kati ya kamba na bomba la kiti, pande zote mbili. Zikilingana, vizuri. Kuna tena ile ya kugeuza gurudumu la nyuma, kuliweka kinyume. Kama linabaki kuegemea upande ule-ule, kadre njo imepinda. Kama linahamia upande mwingine, kosa ni la gurudumu lenyewe. Hakuna mashine hapo, hakuna umeme.

Kwa chukudu kamba ile-ile inafaa. Kama upana wa magurudumu unalingana, kamba yenye kunyooshwa kutoka nyuma mpaka mbele inapaswa kugusa yote mawili, kushoto na kuume.

Njo maana maandishi ya huruma yananichosha sawa tu na yale ya sifa. Yote mawili yanakubali kama kifaa cha maskini kinaruhusiwa kwenda mushazari. Gari ya ONG ikivuta kushoto, inalala garaji siku ile-ile.

Mwenye atapiga picha ingine, achutame nyuma ya chukudu yenye mizigo, karibu na udongo, atuonyeshe magurudumu yote mawili, na bega lenye liko chini kuliko lingine.